Mazishi ya Mapaja Ishirini na Sita

Kwa miezi saba Mzee Khisa wa Chwele hakumsemesha binti yake Phelista, na kilichomfunga mdomo kilikuwa kuku.

Phelista alisimamia huduma za uwanjani za kampuni moja ndogo ya ndege za kukodi pale Kitale. Kazi yake ilikuwa na mambo mengi, lakini watu wa kwao walilijua moja tu: ndege ikitua na chakula ambacho abiria hawakukila, yeye ndiye anayekichukua. Wengine walisema anakula peke yake. Wengine walisema anauza kwa hoteli za mjini. Ukweli ni kwamba alikuwa akikizika.

Kanuni ilikuwa wazi. Chakula kilichopakiwa ndegeni hakitoki nje ya ndege isipokuwa kwenda kuharibiwa, kwa sababu kikishatoka katika sanduku lake la joto hakuna awezaye kuapa kimekaa wapi na kwa muda gani, na vijidudu havisubiri kiapo. Basi Phelista huvaa glavu na koti jeupe, hufungua trei moja moja, humwaga chakula katika shimo lililo nyuma ya ofisi, hukinyunyizia dawa ya buluu ili mtu wala mbwa asikitamani, kisha hufukia. Mashahidi wawili hutia sahihi.

Mwezi wa Machi wageni fulani wa mbegu za mahindi walighairi safari ya kurudi Nairobi, na trei ishirini na sita zikabaki. Peris, mama wa Chwele anayetembeza ndizi mtaani Kibomet, alikuwa akipita kando ya seng'enge ya uwanja. Aliona shimo. Aliona koti jeupe. Aliona watu wawili wamesimama kimya kando ya shimo, mmoja amevua kofia, ingawa aliivua tu kwa sababu ya upepo. Akaona mapaja ya kuku yakishuka udongoni moja baada ya jingine. Siku ya soko ilipofika, Chwele nzima ilikuwa inajua kwamba binti ya Khisa anazika kuku, tena kwa ibada.

Baba yake alipiga simu jioni hiyo hiyo.

"Ni kweli umezika kuku ishirini na sita?"

Kwa watu wao kuku si chakula tu. Mgeni ambaye hakuchinjiwa kuku hajakaribishwa, hata kama amekula ng'ombe, na mwanamume mkubwa hapo mezani ambaye hakupewa firigisi ametukanwa. Phelista angeweza kulia. Angeweza kuilaumu kampuni. Yeye akachagua kusahihisha.

"Hapana, Papa. Yalikuwa mapaja ishirini na sita. Kuku mmoja ana mapaja mawili. Kwa hivyo ni kuku kumi na watatu."

Simu ikakatwa.

Alikuwa amesema kweli, na hakuona hadi leo ni wapi alipokosea. Tabia hiyo aliirithi kwa mzee mwenyewe. Khisa alipanga tumbaku madaraja kule Malakisi kwa miaka thelathini. Alilishika jani, akalinusa, akalikunja sikioni alisikie linavyovunjika, kisha akatamka daraja lake. Na shemeji yake mwenyewe alipoleta majani yenye ukungu aliambiwa daraja la sita, la chini kabisa, mbele za watu. Watu wawili wa namna hiyo wakinuniana, hakuna wa kwanza kulegea. Phelista aliporudi nyumbani Pasaka, mzee alihamishia kiti chake nyuma ya nyumba. Mwezi wa Agosti mama yake alimnong'onezea kwenye simu, "Mayi, mwanangu, usije kwanza. Anasema meza yake haitakaa na mtu wa kuzika kuku." Phelista hakuwa mtu wa machozi, lakini tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Mwezi wa Oktoba, saa nne na nusu asubuhi, pikapu ya vitunguu ilisimama langoni. Akashuka kaka yake, Bramwel, mfanyabiashara wa soko la Chwele, akiwa amejaa vumbi. Upande wa pili akashuka Mzee Khisa, kofia kichwani, fimbo mkononi, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote.

Phelista alitoka mbio. "Mulembe, Papa!"

Mzee alitazama paa la ofisi. "Bramwel, mwambie mwenye uwanja kwamba nimekuja kuona shimo."

"Phelista," alisema Bramwel, akiwa amesimama katikati yao kama kigingi, "mzee anasema amekuja kuona shimo."

"Nimesikia. Mwambie leo kuna trei kumi na moja za kuharibiwa. Wageni wengine wamekuja kwa barabara."

"Mzee, anasema—"

"Muulize ni kuku?"

"Ati ni kuku?"

"Ni kuku."

Mzee alivuta pumzi kwa pua. "Mwambie kabla hajazika, mimi nitamkagua huyo kuku. Mtu hazikwi bila kujulikana amekufa kwa nini."

"Bana, mzee," alisema Bramwel, "hiyo yote niseme mara moja?"

Phelista aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, kwamba baba yake hakusafiri kilomita zote hizo kwa pikapu ya vitunguu ili aone udongo. Alikuwa akitafuta njia ya kurudi. La pili, kwamba hakuwa na njia ya kumpa. Katika miaka sita hakuwahi kutoa hata mkate mmoja nje ya ndege, na hangeanza na baba yake. Alisimama akiisoma ile kanuni kichwani neno kwa neno, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Chakula hakitoki nje ya ndege. Hakitoki. Akageuka akaenda kwa rubani, Kapteni Ngari, aliyekuwa akinywa chai kivulini pa bawa.

"Kapteni, kitabu kinasema chakula kisitoke. Kinasema mtu asiingie?"

Ngari alifikiri. "Mtu gani?"

"Yule wa fimbo."

"Akipita ukaguzi kama abiria, na mimi nikiwa hapa, aingie tu. Wageni wangu hawarudi kabla ya saa tisa."

Phelista akapanda ndegeni, akatazama lebo ya sanduku la joto. Chakula kilifungwa saa mbili na dakika tano, na kiliruhusiwa kukaa kwa muda wa saa nne tu tangu hapo. Akachoma kipimajoto katika trei ya juu: nyuzi sitini na sita, moja juu ya zile zinazotakiwa. "Bramwel," aliita, "mwambie Papa kuku yuko ndani. Ana hadi saa sita na dakika tano."

Mzee alipita kwenye mashine ya ukaguzi, mashine ikalia kwa sababu ya mshipi wake wa suruali, akauvua, akapita tena akishika suruali kwa mkono mmoja bila kupoteza heshima hata kidogo. Bramwel akapita nyuma yake. Waithera, mhudumu wa ndege, msichana wa hapo hapo Kibomet aliyezoea wazee, alimketisha kiti cha mbele dirishani na kumfunga mkanda.

"Kwani inaondoka?" aliuliza mzee.

"Hapana, baba. Ni vile umekaa vizuri ukifungwa."

Akamwekea trei. Mzee akaifunua karatasi yake ya bati taratibu. Paja moja, bila ngozi, juu ya wali. Karoti zilizokatwa miraba. Mchuzi wa kahawia. Mkate wa mviringo kama ngumi ya mtoto. Siagi ya kupaka mara moja. Alilitazama paja muda mrefu. Akaligeuza kwa uma, akatazama chini yake. Akainua wali.

"Firigisi iko wapi?"

Waithera alimtazama Phelista. "Hizi huja bila, baba."

"Nani amekula?"

"Hakuna aliyekula."

"Kuku ametembea mpaka hapa bila firigisi?" Mzee aliipeleka trei pembeni. "Lete mwingine."

Wa pili hakuwa nayo. Wa tatu hakuwa nayo. Kufikia wa tano mzee alikuwa amevua kofia. Alifungua zote kumi na moja, akazipanga juu ya vimeza vya viti kama alivyopanga tumbaku zamani, akapita kwenye ujia akizikagua. Hakukuwa na shingo. Hakukuwa na bawa, wala mguu, wala kichwa. Kiti cha nyuma Bramwel alikuwa amemaliza trei ya pili, na kipande cha siagi kikaelekea mfukoni mwake.

"Hiyo siagi irudi," alisema Waithera.

"Si ni kidogo tu, madam."

"Irudi!" walisema Phelista na baba yake kwa pamoja, na wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Mzee alirudi kitini, akafunga mkanda mwenyewe, akauma paja. Alitafuna akiwa amefumba macho. Kisha akauweka mfupa karibu na sikio, akauvunja.

"Hata haulii," alisema. "Hii imelala chini ya taa, haijawahi kukimbia hata hatua tatu. Mchuzi una sukari. Daraja la sita." Akajifuta mdomo, akamgeukia Bramwel. "Mwambie mwenye uwanja nimekagua. Kumi na moja, bila firigisi hata moja. Hao si kuku. Na kama hawa si kuku, wale wa Machi pia hawakuwa kuku. Kwa hivyo Peris alisema uongo sokoni, na hakuna kuku aliyezikwa hapa."

Phelista alifungua mdomo. Kwa elimu ya viumbe, paja lile lilikuwa la kuku bila shaka yoyote. Alilipima jibu hilo mara mbili ulimini, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaliacha.

Saa tano na nusu walisimama kando ya shimo. Dawa ya buluu ikamwagwa, udongo ukarudishwa. Waithera alitia sahihi kama shahidi wa kwanza. Mzee Khisa akaiomba fomu. Aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Penye aina ya chakula Phelista alikuwa ameandika *Kuku, trei 8*. Mzee alipiga mstari juu ya neno moja, akaandika kando yake kwa mwandiko ulionyooka wa Malakisi: *Si kuku.* Akatia sahihi.

"Phelista," alisema.

Bramwel akageuka upesi. "Phelista, mzee anasema—"

"Nyamaza wewe! Kwani yeye ni kiziwi?" Mzee alivaa kofia, akaibana barabara. "Jumapili uje nyumbani. Nitakuchinjia kuku uone anavyofanana."

"Nitakuja, Papa. Saa ngapi?"

"Saa saba kamili. Ukichelewa dakika tano tunazika."

Pikapu ilipotokomea, Phelista alirudi ofisini na fomu yake. Kanuni ilisema kila sahihisho liwekewe herufi za kwanza za majina ya pande zote mbili. Haikusema lazima wakubaliane. Akachukua kalamu, akaweka zake.