Ya Tuhina Inaipita

Uongo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Kila nyumba ya upande wetu wa Kolkata huusema siku wageni wanapokuja kumtazama binti wa kuposwa. Sinia linawekwa mezani, mama mtu anakohoa kidogo, anasema, "Vyote hivi kavipika mwenyewe, kwa mikono yake." Wageni wanaitikia, wanakula, na hakuna anayeuliza swali. Ni adabu tu.

Tatizo la dada yangu Bibha ni kwamba hajui kudanganya kwa kiasi. Angesema binti kapika wali wa maziwa, nani angebisha? Yeye akanyoosha mkono juu ya kabiraji. Kabiraji! Kipande cha samaki kilichovikwa koti la yai, yai lenyewe limechuruzishwa kwenye mafuta ya moto hadi likawa nyuzi nyuzi kama lesi. Kitu hicho hakipikwi nyumbani. Kinapikwa mkahawani, Bhadra Kebin, pale kwenye kona ya mtaa wetu, tangu enzi za babu yetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyetumwa kukileta jioni ile, nikakimbia nacho kwenye gazeti kisije kikapoa. Mimi ni mama mdogo wa Tuhina, huyo binti wa Bibha, sina mume wala mtoto, kwa hiyo mbio zote za nyumba ile ni zangu.

Na Tuhina alimtaka yule kijana, hilo lieleweke. Wale waliomtangulia tulikuwa tukiwacheka hata hawajafika mlangoni. Lakini huyu Pinaki, mwalimu wa hesabu kutoka Asansol, walikuwa wameongea kwa simu wiki kadhaa, na msichana alikuwa akicheka peke yake jikoni mpaka anavunja vikombe. Sisi tuliokwisha kukata tamaa tukaanza tena kuweka nadhiri.

Mama yake Pinaki, mama Labanya, ni mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu asiyewahi kugombana na muuza samaki. Aliuma kipande kimoja, akakitazama. Machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu, hii umepika wewe?"

Tuhina akamtazama mama yake. Bibha akamtolea macho.

"Ndiyo, mama," akasema Tuhina.

"Basi leo nimepatikana!" Mama Labanya akacheka huku akijifuta. "Mzee wangu, yule ambaye magoti hayamruhusu kupanda treni, alisoma hapa Kolkata. Kila akipata senti, mbio Bhadra Kebin kula kabiraji. Tulipooana nikaona haya, mume ana hamu ya kitu na mimi sikijui. Nikajifunza kwa kubahatisha. Mpaka leo nampikia, na kila akila anasema, 'Labanya, ya kwako inaipita ya Bhadra.' Zamani tukija huku nilikuwa namwambia nipeleke basi nikaione, anasema, 'Ya nini kumpa mtu pesa kwa kitu unachomshinda?' Lakini nisiwafiche, koti langu mimi ni zito, blanketi tupu. Hili la mwanangu ni lesi. Sasa kama yangu inaipita ya Bhadra, na yake inaipita yangu..." Akapiga makofi. "Kesho twendeni huko Bhadra tukawacheke!"

Bibha alibadilika rangi. "Bhadra? Aa, dada yangu, pale si pa kwenda tena. Pamechakaa. Mafuta yao hukaa kwenye karai wiki nzima, mtu anakula leo anaharisha mpaka Jumapili."

Nilimtazama mdomo. Mdomo ule ulikula Bhadra kabla haujaota meno yote, na leo unapatukana. Lakini mama Labanya alikwisha kushikilia, na mgeni akishikilia jambo utamfanya nini?

Asubuhi nikatumwa tena Bhadra. Haradhan, mhudumu mkongwe wa pale, alikuwa akifuta meza za marumaru.

"Kaka Haradhan, leo jioni tukija usitujue."

"Nisiwajue vipi?"

"Usitujue tu. Mimi, Bibha, na Tuhina. Hujawahi kutuona."

"Kwani mmeua mtu?"

"Tumesema kabiraji kapika Tuhina."

Alicheka mpaka akashika meza. "Tuhina huyu huyu aliyeunguza sufuria ya maji matupu?"

"Huyo huyo. Na amempenda kijana wa watu, kaka. Tusaidie."

Hapo akaacha kucheka. Akatupa kitambaa begani. "Haya. Leo ninyi ni wageni kutoka Delhi."

Nilirudi nyumbani nikidhani aibu yote nimeimaliza pale mlangoni. Kumbe nilikuwa nimeionja tu.

Jioni tukaingia wote watano. Vile vibanda vya pembeni, vya mapazia ya faragha, vilikuwa vimejaa wapenzi na wanafunzi, tukakaa meza ya katikati, machoni pa watu. Bila kufikiri nikaketi kwenye kiti changu, kile chenye mguu mfupi, nikainama kuweka karatasi chini yake kama nifanyavyo siku zote. Nikakumbuka kwamba leo sisi ni wageni, nikiwa nimeinama hivyo hivyo. Haradhan akaja amenyooka kama askari.

"Karibuni sana. Hii ni mara yenu ya kwanza kufika kwetu?"

"Ya kwanza," nikasema, karatasi bado iko mkononi.

Mama Labanya akamtabasamia. Akamwambia taratibu, kwa heshima kabisa, "Kaka, samahani, nina tumbo bovu. Mwambie mpishi aweke mafuta mapya. Dada hapa kaniambia mafuta yenu hukaa wiki nzima."

Haradhan alimgeukia Bibha. Hakukasirika, na heri angekasirika. Siku baba yetu alipofariki, mtu huyu aliacha wateja wake mezani akatia bega chini ya machela mpaka mtoni tunakochomea maiti, na hakurudi hadi majivu yalipopoa. Alimtazama dada yangu kidogo, kisha akamwambia mgeni, "Sawa, mama. Nitamwambia." Akaenda zake jikoni.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kama ingekuwa na nafasi immeze na Bibha. Bibha alikuwa akichora marumaru kwa kucha. Tuhina alikuwa akikunja na kukunjua vidole, na Pinaki, maskini, akidhani ni haya za kibinti, akamsogezea glasi ya maji.

Sahani zikaja, vitunguu na haradali pembeni. Pinaki akauma kwanza.

"Mama, mbona hii ni ile ile ya—"

"Kula, Pinaki."

Mama Labanya alikula polepole. Aliinua uzi mmoja wa yai kwa ncha ya uma, akauangalia kwenye mwanga wa taa. Hakumtazama yeyote kati yetu, na hapo nikajua kwamba ameshajua. Alimaliza sahani yote, akaweka uma chini, mikono akailaza mapajani. Nilikuwa nasubiri aseme, "Pinaki, inuka, hawa ni watu waongo." Angekuwa na haki yake. Tuhina hakuwa amegusa chakula; yeye ndiye angebaki na simu isiyolia tena.

Haradhan akapita. "Vipi, mama? Umeionaje?"

Mama Labanya akainua uso. "Nzuri, kaka," akasema. "Lakini ya Tuhina inaipita."

Alitaka kutusitiri. Alitaka tu kutupa nguo ya kujifunika mbele za watu, na sisi watatu tukainamisha vichwa kwa pamoja. Lakini maneno yalipomtoka, yeye mwenyewe akashtuka. Mkono ukampanda mdomoni. Nilimwona akiyasikia kwa mara ya pili, kwa sauti ya mtu mwingine, ile ya mumewe aliyoizoea mezani kwake Asansol. Nikaona akilini mwake zikipita zile blanketi zote za yai, na zile safari zote za Kolkata ambazo mumewe alikataa kumleta mahali hapa. Damu ikampanda usoni. Mtu mzima yule akaona haya kama msichana aliyekuja kutazamwa.

Tuhina hakuweza tena. Alitoka kwenye kiti akainama, akagusa miguu ya mama wa watu.

"Mama, mimi sijui hata kukaanga yai. Ile ya jana ilinunuliwa hapa. Kaka Haradhan ananijua tangu nanyonya. Mafuta yao ni safi, tumewasingizia. Nisamehe."

Meza za jirani zikageuka kututazama. Pinaki akaweka uma chini akamtazama mama yake, si Tuhina. Bibha alijifunika uso kwa ncha ya sari, mabega yakitikisika, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona haja ya kumgombeza.

Mama Labanya akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha yule msichana, akakiacha pale.

"Najua, mwanangu," akasema. "Na mimi kumbe sijui kuipika."

Akamwinua, akamketisha karibu yake, akamvutia sahani mbele. Tuhina akala analia, anajipangusa kwa mkono huo huo. Haradhan alileta chai ambayo hatukuwa tumeagiza. Alipoweka kikombe mbele ya Bibha, dada yangu akajaribu, "Kaka, yale mafuta..." Lakini hata hajamaliza, Haradhan akamwongezea sukari kijiko cha pili, kama anavyoipenda.

Mama Labanya alimwangalia mhudumu akikoroga.

"Kaka," akamwambia, "nina ombi. Harusi itakapofika mzee wangu ataletwa hata kwa kubebwa, na najua atapita hapa kusalimia. Asijue kwamba nimefika. Asijue nimeonja."

Haradhan akashusha kitambaa begani, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Mama," akasema, "mimi sijawahi kukuona."