Picha ya Kichwa cha Kunigunda

Katika kisa hiki mjinga hakuwa mwingine ila Hyasinti, na ukimuuliza leo hatakubishia. Atakuongezea na yale usiyoyajua.

Ulikuwa ule wakati wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kahawa, na pale Mbinga mwenye shamba zuri alitembea kifua mbele. Wenzake walinunua mabati na redio. Hyasinti alimchukua mkewe, Kunigunda, akampeleka mpaka Dar es Salaam akapigwe picha ya ubongo.

Tusimwonee. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka mingi kichwa cha Kunigunda kilikuwa kikimgonga upande mmoja, anatapika, hataki mwanga, hataki hata harufu ya kitunguu. Hyasinti aliingiwa na hofu kwamba mle ndani umeota uvimbe. Daktari aliwasikiliza, akamulika macho ya mgonjwa, akamgonga magoti, kisha akasema maelezo ya mama yanajitosheleza, picha si ya lazima.

"Daktari," Hyasinti alisema, "hatukutoka Mbinga kuja kugongwa magoti. Piga picha."

Nje ya chumba cha mashine Kunigunda alimshika mkono mumewe. "Naomba kionekane kitu," alinong'ona.

Hyasinti alidhani ni woga tu unaongea.

Hakikuonekana kitu. "Picha ni safi," daktari alisema. "Hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja. Lakini mama anaumwa kweli. Hiki ni kipandauso, na kipandauso hakionekani kwenye picha. Dawa zake ni hizi. Apumzike kikimshika, na jua kali alikwepe."

Bahati mbaya masikio ya Hyasinti yalikuwa yameshafunga duka kwenye lile neno "safi". Hofu ilimtoka, na mahali pake pakaingia hasira. Kahawa yote ile, kumbe kichwa kizima!

Alipofika nyumbani aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha la sebule, mwanga upite vizuri, akaita watu. Jirani yake Urbani aliitazama kwa kuinamisha shingo.

"Kumbe ubongo unafanana na kabichi!"

"Kabichi isiyo na mdudu," Hyasinti alijibu. "Mke wangu mzima kama kigongo. Kuanzia leo humu ndani halali mtu mchana."

Watu walicheka. Kunigunda aliendelea kumimina chai.

Msimu wa kuchimba ngoro ukafika. Huko kwa Wamatengo wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba mlimani, halafu wanawake huyafukia kwa udongo, katikati linabaki shimo la kuzuia maji. Asubuhi moja Kunigunda aliomba abaki nyumbani, jicho la kushoto lilishaanza kumcheza.

"Picha inasema huumwi," Hyasinti alimwambia. "Unabishana na mashine?"

Kunigunda alichukua jembe. Jua lilipopanda utosini alikuwa amekaa ndani ya shimo, kanga usoni, anatapika. Hyasinti, aliyekuwa juu mlimani na wenzake, hakushuka. Alimpazia mkewe sauti: "Mama Praygod, sinema hiyo ni ya bure au tununue tiketi?"

Mlima mzima ulicheka. Kesho yake Kunigunda alipanda lori la kwenda ziwani, kwa kaka yake kijijini Lipingo.

Nyumba ikapoa. Hyasinti alikaa sebuleni akiitazama ile picha dirishani, na ndipo yale maneno ya mlangoni kwa mashine yalipomrudia. Haukuwa woga. Mwanamke alikuwa anaomba uvimbe, jamani, ili apate kuaminiwa nyumbani kwake. Aliibandua picha, ila nani angeyabandua aliyoyasema mlimani?

Akateremka Lipingo. Shemeji yake, mzee Ignatio, alikuwa anageuza usipa, wale dagaa wa ziwani, juu ya chanja, Kunigunda akiwa kivulini kando yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja peke yako, au na daktari wako wa dirishani?"

Hyasinti alimeza hiyo, akamgeukia mkewe. "Mama Praygod, nimekosa. Nilikucheka mbele ya watu. Turudi nyumbani."

"Na kabla ya kunicheka?"

"Nilikulazimisha kulima."

"Na kabla ya hapo?"

 Hyasinti angenyamaza hapo pengine angepona, lakini mdomo wake haukuzoea kupumzika. "Sasa na wewe nielewe kidogo. Mashine kubwa kama nyumba, inaona mpaka ndani ya mfupa, imesema hakuna kitu. Mimi mkulima wa kahawa ningeaminije kwamba kipo?"

Ignatio aliacha kugeuza samaki. Kunigunda alimtazama mumewe bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Kiuno chako kinakuuma kila msimu wa ngoro," alisema. "Nakukanda kwa maji ya moto mpaka unapata usingizi. Niliwahi kukudai picha?"