Kumwita Kutoka Mlangoni

Babu yetu Angwenyi hakuamshwa kwa mkono. Ulisimama nje ya kizingiti cha chumba chake, ukaita, "Babu, uko nyumbani," kisha ukangoja. Kitanda kililalamika, akakohoa, halafu sauti yake ikatoka gizani: "Nimeshafika." Hapo ndipo ulipoingia na uji.

Sisi wajukuu tuliona ni mchezo, maana babu alikuwa mtu wa mizaha. Aliniita mke wake mdogo, naye nyanya Bonareri akaniita mke mwenzake na kunituma kuni kwa haki hiyo. Mvua ya Nyamira ikinyesha hadi migomba ikalala chini, babu alicheka, akasema hayo ni mate tu. Mvua aliiona Bama, kule Asia, alipokuwa askari wa Keya katika jeshi la Waingereza. Zaidi ya mvua hakusimulia chochote kuhusu vita. Alipanda chai kabla majirani hawajaiamini, akawasomesha wanawe kwa majani hayo, na kila Sabato aliimba besi akiwatangulia wenzake kwa mstari mzima bila kuona haya.

Nilipokaribia kuolewa ndipo nyanya aliponieleza sababu ya kumwita hivyo, tukiwa tunachuma chai.

"Usiku wa kwanza aliporudi kutoka vitani alikuwa akiota, nikamgusa bega. Akanikaba koo. Alipozinduka alilia, akahamia jikoni, akawa analala huko peke yake mpaka tukavuna wimbi." Akatupa majani kikapuni. "Nikajiuliza, mume wangu amerudi au hajarudi? Basi nikaanza kumwita kutoka mlangoni, nimwambie alipo. Akarudi chumbani."

"Hukumwogopa, nyanya?"

"Nilimwogopa sana, Kemuma. Lakini nilimtaka."

Mwaka wa 1974 babu alilazwa hospitali mjini Kisii, na huko huko akafariki. Baba alipotuletea habari, nyanya hakupiga yowe. Aliuliza jambo moja tu: "Walikuwa wakimwita kabla ya kumgusa?" Baba akatazama chini. Hakujua.

Walimleta siku iliyofuata. Wanaume waliingiza jeneza chumbani mwake, wakalifungua, wakatoka. Waombolezaji walijaa ua, wakingoja mjane atangulie kumwona. Nyanya alifika kizingitini akasimama.

"Acheni kwanza nimwite," alisema.

Josiah, mzee wa kanisa, alimsogelea taratibu. Alimpenda babu, walikuwa wameimba besi pamoja miaka mingi. "Mama, unajua mafundisho yetu. Wafu hawasikii. Watu wakikuona unamwita maiti, watasema tumerudia mambo ya kale, na mimi sitaweza kuongoza ibada."

"Najua hasikii, Josiah," nyanya alijibu. "Lakini tangu aliporudi kutoka vitani sijaingia humu bila kumwita. Miguu yangu haijui kuingia vingine."

Nyanya akafungua kinywa, na sauti isitoke. Akajaribu tena. Ndipo akanigeukia, na macho yake yakaniomba.

Niliogopa. Nilikuwa mwalimu katika shule ya kanisa lile lile, na ua mzima ulikuwa ukinitazama. Lakini nilimwona mwanamke mzee aliyezuiwa mlangoni mwa chumba chake mwenyewe, huku mumewe akiwa ndani, na woga wangu ukawa kitu kidogo sana.

"Babu," niliita, "uko nyumbani."

Tukangoja. Mpaka dakika ile nilikuwa sijalia, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu haikuwa imesadiki. Nilisikiliza kitanda kilalamike. Nilisikiliza kikohozi. Kando ya ua kuku alikuwa akiparura majani makavu ya migomba, na Josiah alikuwa amevua kofia yake. Hakuna kilichojibu, na machozi yakanijia yote kwa pamoja.

Nyanya alingoja kwa muda ule ule ambao babu alizoea kuchukua kuamka, hakuupunguza. Kisha akavuta pumzi.

"Ameshafika," alisema polepole, akavuka kizingiti.

Akaenda hadi kando ya jeneza, akainama, akamwekea mumewe mkono begani, akauacha hapo.