Nukta Nyeupe ya Maiki

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa nukta nyeupe, ndogo kama mbegu ya nyanya. Ilikuwa kwenye maiki, ile maiki ndogo inayokaa mbele ya mdomo wa mwendesha pikipiki, kwenye ncha ya kijiti kinachopindika. Mjomba aliivisha sponji yake nyeusi, nukta ikapotea, naye akaendelea kupiga mluzi.

Nukta ilikuwa imetazama nje, barabarani. Mimi nilidhani ingetazama mdomo. Karatasi ya maelezo ilikuwa na maneno ambayo mjomba hakuyajua wala mimi sikuyajua, lakini palikuwa na picha ya mdomo, na nukta imeelekea huko. Shule niliachia darasa la tano, ila picha haina darasa.

Sikusema kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pili pale gereji: kutosema kitu. Ya kwanza ilikuwa kulegeza nati, kuosha vyuma, na kupitisha nyaya mahali ambapo vidole vya mjomba havipiti. Mjomba aliniita Kimya. Jina lilinikaa kama ovaroli ya kuazima, limenizidi kidogo lakini nimelizoea.

Siku ile shangazi alikuwa amekuja kunichukua. Ana saluni, na alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, ametandika gazeti chini, mkoba mapajani, viatu kaviinua visiguse oili. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemwita. Wiki iliyotangulia alikwenda kununua breki akaniachia gereji. Wakaja wateja wawili, wakasalimia, wakauliza bei, mimi nikatazama sakafu mpaka wakaondoka. Mmoja alimwambia mjomba baadaye kwamba alidhani gereji inalindwa na picha.

"Fundi ni mikono na mdomo, shemeji," mjomba alimwambia shangazi. "Mikono anayo, tena kunishinda mimi. Lakini mteja ataongea na mikono?"

"Kwangu ataongea tu," shangazi akajibu. "Saluni yangu hata ukuta unajibu."

Wakakubaliana hivyo juu ya kichwa changu, maana mimi nilikuwa nimeinama kando ya pikipiki, mkono mzima umeingia chini ya tangi. Nikiimaliza ile pikipiki, naondoka. Na mimi sikutaka kuondoka.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya safari ndefu, ndefu kwenda juu pia, na masanduku mawili ya bati ubavuni kama punda aliyebebeshwa. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpimaji wa ardhi aliyestaafu. Alikuja na mkewe, mwalimu naye mstaafu, na kesho yake alfajiri walikuwa wanaondoka kwenda kumwona mjukuu mchanga, safari ya siku mbili.

"Sipandi kama siwezi kuongea naye," mwalimu alisema mapema kabisa, kabla hata hajakaribishwa kiti. "Safari iliyopita tulitumia kugonga bega. Mara moja, punguza mwendo. Mara mbili, simama. Mara tatu, nafurahi. Nikagonga mara mbili, nimebanwa, nataka kuchimba dawa. Mwenzangu akaongeza mwendo!"

"Nilihesabu tatu," mzee akasema.

"Miaka arobaini ya kupima viwanja, na mbili huijui!"

Kwa hiyo walileta vifaa vya kuzungumzia, kila helmeti kimoja. Kazi yake si ngumu, inataka subira. Helmeti zao zilikuwa za kufunguka kidevuni. Unabandua sponji za mashavuni, unaweka spika kwenye vishimo vya masikio, unaficha waya chini ya kitambaa, unabana kifaa ubavu wa kushoto, kisha maiki inachungulia mbele. Hapo ndipo mjomba alipoivisha ile sponji, kwenye helmeti zote mbili, nukta zikitazama nje. Kwenye pikipiki mimi nilivuta waya wa chaja, wa kuchajia vile vifaa njiani, kutoka betri chini ya kiti, nikaupitisha chini ya tangi mpaka kwenye usukani, na pale shingoni nikauachia ulegevu ili usukani ukikata kona waya usivutike. Waya ule ulilala vizuri. Najua ulilala vizuri kwa sababu niliulaza kama mtoto.

Mjomba akabonyeza vifaa viwili kwa pamoja mpaka vikatambuana. "Tayari, nimewafungisha ndoa upya," akasema.

Wakajaribu palepale gerejini, injini imezimwa. "Unanisikia, baba watoto?" "Nakusikia kama uko jikoni." Wakacheka, wakapanda, wakatoka kwenda kujaribu barabara kubwa.

Walirudi wakiwa wamenuna. Mwalimu alishuka kabla mguu wa pikipiki haujakaa sawa.

"Nimemwimbia, nimemwita, nimemtukana kidogo," alisema. "Hakusikia hata moja."

"Nilisikia mahindi yanakaangwa," mzee akasema. "Tukitembea polepole ni yeye. Tukikimbia ni mahindi."

Mjomba akakuna kidevu. Akaizunguka pikipiki, akasimama upande wa tangi, akanitazama.

"Ni waya wa chaja. Umepita karibu na koili, unavuta kelele za injini. Kimya, umeupitisha wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Kumbe hata mikono yenyewe!" shangazi akasema kutoka kwenye tairi.

Mjomba akachukua spana ili ashushe tangi. Mzee akamzuia. Alikuwa mtu wa vipimo, hakupenda kubomoa kabla ya kujua.

"Fundi, ngoja. Tuchomoe waya huo kwanza, twende hivyohivyo. Kelele ikiisha, ni waya. Isipoisha, siyo waya."

"Nendeni, lakini mimi sipandi tena mpaka kitu kifanye kazi," mwalimu akasema.

Shangazi akashika nywele. "Nimesuka jana."

Mjomba akajaribu helmeti ya mwalimu. Iligomea kwenye paji la uso. Ana kichwa ambacho hata kofia ya harusi yake ilishonwa mara mbili.

Wote wakanigeukia.

Nilichukua helmeti, nikaugeukia ukuta kama mtu anayejifunga mkanda. Nikavuta sponji, nikakizungusha kile kijiti nusu mzunguko mpaka nukta nyeupe ikaniangalia mimi, nikairudisha sponji. Ya mzee sikuigusa. Kisha nikapanda, na tukaondoka.

Tulipoingia tu barabara kubwa, upepo ukaanza kupiga kifuani. Sauti ya mzee ikaja masikioni, inakwaruza lakini inaeleweka. "Haya, binti. Sema chochote."

Sikusema.

"Hesabu basi. Moja mpaka kumi."

Nilikuwa nyuma ya mgongo wa mtu. Hakuna aliyenitazama, na mimi sikuwa na sakafu ya kutazama. Nikahesabu. Nilipofika nne mzee alipiga tangi kofi.

"Nakusikia! Nakusikia kama uko mfukoni! Basi fundi kasema kweli, ni waya."

Hapo nikaona namna nilivyojifunga mwenyewe. Tungerudi, mjomba angebomoa waya wangu mzuri, shangazi angesema kumbe hata mikono, na mimi ningeshika njia ya saluni kwa kosa ambalo silo langu.

"Si waya," nikasema.

"Unasemaje?"

"Si waya, mzee. Simama kando, uchomeke waya. Utanisikia vilevile."

Akasimama, akachomeka, tukaondoka tena, akaongeza mwendo mpaka helmeti ikawa inavutwa nyuma. Nikahesabu mpaka ishirini. Alizisikia zote.

"Maiki ilikuwa imegeuzwa," nikamwambia. "Ina nukta nyeupe. Ikitazama nje inasikiliza upepo. Hii nimeigeuza. Yako bado, ndiyo maana unanikwaruza."

"Umeijua lini hiyo nukta?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Na ukanyamaza?"

Simu yake ilikuwa imeanza kuita masikioni mwetu, mlio mwembamba. Yeye mwenyewe alikuwa ametueleza gerejini kwamba kifaa kile kikisikia mwenyewe anaongea kinapokea, hana haja ya kugusa kitu. Lakini alikuwa akicheka, na kifaa kilihesabu kicheko kuwa maneno. Mlio ukakatika. Hatukujali.

"Na yule mama wa kwenye tairi ni nani?" akaniuliza.

"Shangazi. Amekuja kunichukua nikafanye kazi saluni kwake." Sijui maneno yalitoka wapi. Labda yalikuwa yamepanga foleni. "Sitaki. Nampenda shangazi, lakini kule watu wanaongea tangu asubuhi na hakuna kinachofunguka. Hapa nafungua kitu, nakiona, nakifunga, kinaondoka kikinguruma. Napenda hata harufu ya petroli. Mjomba akikohoa mara mbili najua anataka spana namba kumi. Akikohoa mara moja ni kikohozi tu. Saluni nani atakohoa?"

"Petroli!" sauti ikalia masikioni mwangu. "Mtoto wa kaka yangu ananusa petroli!"

Nilikaribia kuanguka. Sauti ya pili ikaja, ya mwalimu: "Baba watoto, nilikupigia kuuliza kama mnafika. Simu nimeiweka spika kubwa, sote tuko hapa."

"Wote?" mzee akauliza.

"Hata fundi. Amekaa chini."

Tuliporudi, mjomba alikuwa bado amekaa chini, karatasi ya maelezo mkononi, ameishika juu chini. Hakunitazama. Alichukua helmeti ya mzee, akavua sponji, akakizungusha kijiti, akaivisha. Kisha akakohoa mara mbili, nami nikampa spana namba kumi, ingawa hapakuwa na nati ya kufungua.

Shangazi alikunja gazeti lake. "Mimi niliambiwa nije kumchukua mtu asiyeongea," alisema. "Huyu ananisema njia nzima. Kaa na mjomba wako. Ila Jumapili uje nikuoshe hizo nywele, zinanuka tangi."

Mwalimu alipanda. Walipofika getini tulimwona anaongea, anaongea, na kichwa cha mzee kinaitikia kwa adabu. Mjomba akasema maskini, safari ya siku mbili.

Tangu hapo mjomba akitoka huniachia gereji. Wiki za kwanza nilipokea wateja nimevaa helmeti ya zamani, kioo nimekishusha. Wakiuliza kulikoni, nilisema najaribu maiki. Sasa huivua wakishakaa.

Mjomba mpaka leo huwasimulia watu kwamba siku ile nilinyamaza kwa aibu, na mimi huitikia kwa kichwa. Asubuhi, kweli, ilikuwa aibu. Lakini waliporudi wamenuna, na mjomba akashika spana kushusha tangi, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na aibu haikuwepo. Nililizuia makusudi. Nilitaka akwame kidogo, mbele ya shangazi, aone gereji ilivyo bila mimi. Mzee asingekuzuia, mjomba, ningekuacha ulishushe tangi lote.