Winga wa Kulia Ambaye Hajarudishwa Kwao

Hjalmar Broström alikuwa amekufa kwa zaidi ya miaka themanini, na hakuna mtu aliyemrudisha kwao. Pelagia aligundua hilo mwaka 2017, kwenye uwanja wa mazoezi Arlington, Jumapili baada ya misa, alipoombwa amwangalie winga mpya aliyepigwa teke kwenye kifundo cha mguu. Pelagia alikuwa muuguzi. Alimshika mkono, akatafuta mapigo, hakuyapata, akamwambia avae koti kwa sababu upepo ulikuwa wa baridi.

"Ulikufa lini, kaka?"

"Kabla ya ile vita ya pili. Nilikuwa najenga ukuta, hapo Dallas. Nikaanguka."

Kiswahili alikiokota uwanjani, kwa hiyo matusi aliyajua kuliko salamu.

Wachezaji walimwita Yalmari. Masharubu yake yalipakwa nta, na soli za viatu vyake zilipigiliwa vipande vya ngozi kwa misumari. Aliukimbiza mpira kandokando ya mstari mpaka mwisho wa uwanja, kisha akaumwaga katikati, kama walivyocheza watu wa zamani. Mabeki wa Texas hawakuwa wameona kitu kama hicho, wakabaki wanamtazama.

Jioni Pelagia alipomrudisha makaburini, Yalmari alisimulia. Alizaliwa katika kijiji cha wachonga mawe kaskazini mwa Gothenburg, mji wa bandari ng'ambo ya bahari. Mjini mafundi wa Kiskoti wa kiwanda cha mapazia walimfundisha mpira. Alichezea klabu, halafu timu ya taifa ilipoanza akaichezea hiyo. Walisafiri kwa meli kwenda kufungwa mabao mengi na kurudi wakiimba. Mama yake alipougua, aliomba ruhusa aende kijijini. Viongozi wa klabu wakasema: baada ya mechi. Mechi walishinda. Alipofika, alikuta kaburi limeshafukiwa. Hapo akapanda meli nyingine, akaja Texas kujenga kuta.

"Nataka kulala kando yake," alisema. "Basi."

Pelagia aliongoza kamati ya misiba ya Waafrika Mashariki. Watu hawahawa ndio waliomrudisha mumewe, Leonce, mpaka Bukoba, na tangu hapo hakuweza kumwacha marehemu wa mtu ugenini. Aliitisha kikao sebuleni kwake. Kulikuwa na chai na maandazi. Marehemu alikaa karibu na mlango, ameshika kikombe bila kunywa. Michango ikatosha siku hiyohiyo. Method, aliyekaa Euless na kupakia mizigo uwanja wa ndege, alijua ndege ipi inabeba jeneza na inatua wapi.

Ndipo Onyancha, nahodha, akanyoosha mkono.

"Dada Pelagia, mimi sina shida. Mtu lazima arudi kwao. Lakini mechi ya kombe na Houston ni wiki ijayo, na wale jamaa wametuchezea sana. Huyu amengoja miaka themanini. Game moja itamuua?"

Watu walicheka. Yalmari naye alicheka.

"Hata wao walisema hivyo," alisema.

"Wao nani?"

"Wale wa kwanza."

"Onyancha, mwogope Mungu," Pelagia alisema.

"Mungu namwogopa, dada. Ni Houston siogopi."

Pelagia alikusudia kukataa. Lakini miaka yote aliyokaa Marekani hakuwahi kuona timu ya Dallas ikiifunga Houston. Akasema haya, baada ya mechi.

Houston unyevu ulikuwa mzito, mpira wenyewe ulitoka jasho. Mwamuzi alimgusa Yalmari shingoni, akafikiri kidogo, akasema kanuni hazikatazi. Yalmari alifunga mawili. Pelagia alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Wakirudi, karibu na Corsicana, jua likizama kwenye malisho, alimuuliza jina la kijiji ili Method akamilishe habari za jeneza. Yalmari alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Pelagia alikuwa amelisikia jina lile mara nyingi. Naye hakuwa nalo. Akampigia Method. Kwenye simu ya Method, pale alipokuwa ameliandika, palikuwa peupe.

"Litarudi," Onyancha alisema kutoka kiti cha nyuma, amepakata kombe. "Tutulie kwanza."

Halikurudi. Mwaka 2018 walikubaliana wampeleke Gothenburg, na huko watu waulize kwa jina la mama. Lakini mechi ilikuwa imekaribia tena, na bingwa hamwachi winga wake nyumbani. Yalmari alifunga moja. Njiani kurudi alimtaja mama yake kama "yule mwanamke", na ndani ya gari hapakuwa na aliyeweza kumsaidia.

Mwaka 2019 Pelagia alisusa. Onyancha akamchukua Yalmari kwa gari lake. Pelagia aliifuatilia mechi kwenye simu, akiwa zamu, na bao lilipoingia alijikuta amesimama katikati ya wodi, mikono juu.

Mwaka 2020 viwanja vilifungwa. Onyancha alimpigia mwenyewe.

"Dada, sasa anaweza kwenda. Hatuna game."

Method alisema ndege hazibebi tena. "Na hata zingebeba, dada, ningeandika inakwenda wapi?"

Pelagia alimkuta Yalmari uwanjani peke yake, anakimbia kandokando ya mstari. Alimsalimu kwa neno moja la lugha ya kwao, ambalo Yalmari mwenyewe alimfundisha zamani. Yalmari alimtazama kwa adabu, akingoja aseme kitu kinachoeleweka.

"Kaka, kwenu ni wapi?"

"Si hapa?"

Pelagia alisema ndiyo, ni hapa. Akamwacha akimbie.

Makombe ni matatu, yako juu ya friji ya Onyancha, na nafasi ya la nne ameshaifuta vumbi. La kwanza liligharimu jina la kijiji. La pili, jina la mama. La tatu, lugha ambayo mama alimwitia chakula.