Tangazo la Mwalimu Celestine

Kuandika kitabu hakukumchosha Mwalimu Celestine. Kilichomchosha ni kukitangaza. Alikiandika baada ya kustaafu, hapo kwake Nyansiongo, kikombe cha chai mkononi na hakuna wa kumsumbua. Lakini tangu maboksi yafike kutoka kwa mpiga chapa na kujaza chumba cha wageni, ukiondoa nakala chache alizopeleka duka moja mjini Kisii, raha ilimtoka. Kila jioni alikaa na simu akipima ni tangazo lipi la mtandaoni litakalomletea msomaji. Si msomaji wa ukoo. Wa ukoo walipewa nakala za bure, wakasema hongera, na nakala moja aliiona kwa macho yake ikizuia mlango wa jikoni usijifunge.

Kitabu kiliitwa Miwani ya Bwana Shamba, riwaya ya familia iliyopata kipande cha shamba la mzungu hapo Borabu. Alianza na Facebook. Watu wengi walikiona, wakaacha mioyo na vidole gumba, wala hakuna aliyeuliza kinapatikana wapi. Mioyo haisomi. Akahamia Google, ambako unalipia neno, na mwenye kulitafuta neno hilo ndiye anayeletewa tangazo. Kwa akili zake mwenyewe akalipia neno miwani. Wakaanza kumpigia wagonjwa wa macho, mmoja kutoka Kenyenya akitaka kujua kama anapima na watoto. TikTok aliambiwa ina watu tele, ila ajitokeze mwenyewe, na ikiwezekana acheze. Goti lake lilikataa kabla yeye hajajibu. Duka moja la vitabu la ng'ambo nalo lilikuwa na matangazo yake, lakini wateja wake walikijua Kiswahili cha "jambo" tu.

"Mwalimu, hizo karatasi bado ziko?" Phanice, muuza njugu sokoni, alimwuliza kila walipokutana. Karatasi za kufungia njugu zilikuwa adimu. Zamani Celestine alikuwa akicheka. Siku hizi hakucheka. Alikuwa amejiapia: tangazo moja la mwisho, na asipopatikana hata mtu mmoja asiye wa damu yake wa kumwambia alichokiona ndani ya kitabu kile, Phanice aje na mkokoteni.

Ndipo akajiuliza swali ambalo angepaswa kujiuliza tangu mwanzo: watu wa huku husoma nini mpaka mwisho? Jibu halikuhitaji mtaalamu. Husoma matangazo ya vifo. Kulikuwa na ukurasa wa Facebook wa watu wa Borabu unaotangaza misiba, nao ulisomwa na kila mtu, hadi walioko Uarabuni, maana ukikosa kujua msiba wa jirani utaulizwa. Mwenye ukurasa alikubali kuweka tangazo la kitabu.

Ijumaa mchana Celestine akampigia Abdiaziz, fundi wa mabango mjini Kisii, baada ya kumtumia picha yake ya suti ya kanisani.

"Mwalimu, niandike aje?"

"Jina langu juu. Halafu jina la kitabu, na miaka ya hadithi, 1963 mpaka mwaka huu. Uifanye kwa heshima."

"Hiyo niachie mimi."

Abdiaziz, ambaye kazi zake nyingi ni programu za mazishi, alijua heshima ya aina moja tu. Picha akaitia ndani ya duara, maua meupe pembeni, jina kwa herufi kubwa, na miaka chini yake. Jina la kitabu lilipata nafasi huko chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia. Tangazo akalituma moja kwa moja kwenye ukurasa. Na jua lilipotua Celestine akazima simu, kama Msabato anayejiheshimu anavyofanya kila Ijumaa, akalala. Waliopiga kuuliza wakaikuta simu imezimwa. Hapo nani angeuliza zaidi?

Jumamosi goti lilimkataza kwenda kanisani. Alasiri alikuwa akila ndizi zilizopikwa jana yake aliposikia wimbo wa mazishi ukipanda njia ya kwake. Akajiuliza ni nani amefariki, akaona haya kwamba hakuwa na habari. Akajifunga leso, akatoka ajiunge nao.

Wimbo ukakatika. Wifi yake Gesare, aliyekuwa mbele, aliketi chini kwenye nyasi.

"Kumbe uko," alisema. "Na mimi nimelia kutoka Mosocho."

"Pole," Celestine akajibu.

Mmoja akamwonyesha tangazo, naye akaelewa. Wakaingia ndani, wakanywa chai ya matanga waliyokuja nayo kwa thamosi, wakacheka kidogo, wakaondoka. Maboksi yalikuwa wazi pale, na hakuna aliyegusa kitabu. Machozi walikuwa nayo ya kutosha. Muda wa kusoma ndio hawakuwa nao. Jambo hilo lilimwuma, lilimwuma kuliko kuitwa marehemu.

Jua lilipotua akawasha simu ili aombe tangazo liondolewe. Rambirambi zikamiminika. Lala salama mwalimu. Mbele yako nyuma yetu. Kidole chake kikasimama kwa Ogari, mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la sita, sasa daktari wa mifugo kule Kenyenya.

"Kitabu chake nilinunua kwenye duka pale Kisii, nikasoma mara mbili," Ogari aliandika. "Pale mama anauza ng'ombe wa mwisho, halafu bado anaamka alfajiri kwenda kukamua, nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilitaka kumpigia nimwambie. Nikasema nitapiga wiki ijayo."

Celestine akasoma tena, taratibu. Sehemu ile aliiandika akilia, na waliomsaidia kusahihisha walisema haina maana, aitoe. Tangazo akalisahau, na mkokoteni wa Phanice pia. Akatafuta namba ya Ogari, akapiga. Simu ikalia hadi ikakatika, naye hakumlaumu. Nani anapokea simu ya marehemu? Akapiga tena. Safari hii ikapokelewa. Alisikia mtu akihema.

"Ogari, usikate," akasema. "Ni mwalimu wako, niko hai, hayo mengine nitakueleza. Kwanza nimalizie hiyo ya ng'ombe. Ulipotoka nje, ulifanya nini?"