Tawi la Masele

Sikulia msibani. Wanawake wa kwetu Ushetu walinitazama, wakanong'onezana, wakachoka. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilichokisikia vizuri ni maneno ya Herman, bosi wetu, aliposimama mbele ya waombolezaji akasema kaka yangu Masele alisahau kurekebisha kengele. Tena kwa upole, eti mwenzetu alisahau, tumsamehe. Mama, pale kwenye mkeka, akaitikia kwa kichwa.

Kengele yenyewe ni programu tuliyoiandika sisi watatu ofisini Nyasubi, kwa ajili ya wachimbaji wadogo wa upande wa Bulyanhulu. Kifaa kinashushwa duarani, yaani ndani ya shimo. Hewa ikichafuka, simu za walio juu zinalia. Kasoro yake ilikuwa moja: betri ikipungua, inanyamaza. Masele alishuka shimoni kengele ikiwa kimya, hewa ikamuua.

Matanga yalipoisha nikarudi ofisini. Herman akanigeuzia kompyuta.

"Pole, dada Noela. Lakini jionee mwenyewe. Historia ya faili la kengele hii hapa. Jina la Masele liko wapi?"

Kweli, halikuwepo. Sikuhisi kitu. Nikavuta kiti tu.

Kila badiliko la programu linatunzwa pamoja na jina la aliyelifanya. Ila ukiuliza historia ya faili moja, Git, mfumo unaotunza mabadiliko hayo, inakufupishia. Mtu akifanya kazi kwenye tawi la pembeni, yaani nakala yake mwenyewe, halafu wakati wa kuunganisha kazi yake ikatupwa yote, basi tawi lile linarukwa, na mwenyewe anarukwa nalo. Herman aliijua njia hiyo fupi tu, na ilimfaa.

Nikaandika amri ileile, nikaongeza maneno ya kudai historia kamili. Majina yakaongezeka, na Masele akatokea: "Betri ikipungua, kengele ilie. Nimejaribu, inafanya kazi." Juu yake kulikuwa na muunganiko wa Herman. Mafaili yao yaligongana, akabakiza la kwake zima, kisha akatuandikia wote: "Kazi zenu zimeingia."

"Umeme ulikuwa unakatikakatika," Herman akasema. "Nilikuwa na haraka, dada."

"Haraka yako kamweleze mama. Ulimsema mbele za watu, nenda ukamsafishe mbele za watu."

Akainama kwenye simu yake. Mwoga mkubwa! Nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta mama anapepeta karanga.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia Masele hakusahau. Aliirekebisha kengele, ila Herman aliitupa kazi yake bila kumwambia. Nilidhani atashukuru. Akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo yeye alijua imepona?"

"Ndiyo."

"Iliponyamaza, akajua chini ni salama."

"Ndiyo, mayu."

Akaokota karanga zilizomwagika, akazirudisha kwenye ungo.

"Afadhali asingeirekebisha," akasema. "Angeiogopa."